Tundu la Tatu

Ruta yetu ya zamani, kile kisanduku kinachogawa intaneti kwa kompyuta, iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, na tangu siku hiyo mume wangu akaacha kula vizuri. Kununa nilistahili mimi. Oda zangu za kudarizi nembo za shule huja kwa baruapepe, na mtandao ukifa, mashine yangu hukaa bure kama mgeni asiyekaribishwa chai. Lakini yeye, mpima ardhi mstaafu asiyeandikiwa na mtu, alikuwa anakosa nini huko hata atazame sahani ya wali kana kwamba imemtukana? Nikadhani ni uzee. Nikamwambia hivyo hivyo, maana mimi si mtu wa kuzungusha maneno.

Na mimi mwenyewe sikuwa sawa wiki ile. Upande wa pili wa ukuta wetu, Kidoti alikuwa anafunga mizigo.

Kidoti ni mke wa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Lakini kabla ya yote hayo alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulijifunza kushona kwenye cherehani moja, yeye akikanyaga, mimi nikiongoza kitambaa, na alipoolewa ndiye aliyenisukuma kwa kaka wa mumewe ili tuzeeke pamoja. Tukazeeka kweli, ukuta kwa ukuta, bila kusemezana. Kwamba nyumba yao imeuzwa, na kwamba lori linakuja kesho asubuhi kuwapeleka mbali kwa binti yao, niliambiwa na muuza mboga. Nikamjibu waende salama, nikachagua nyanya. Nilipofika nyumbani nikakuta nimenunua bamia, na kwetu hakuna anayekula bamia.

Ugomvi haukuwa wetu sisi wanawake. Shemeji alijenga ukuta, mume wangu akatoka na vyombo vyake vya kupimia, akatangaza kwamba ukuta umeingia kwake hatua nzima. Maneno yakazaa maneno. Mwishowe mume wangu akaapa mbele ya majirani kwamba mguu wa mtu wa nyumba yake hautakanyaga kwa mdogo wake, na mdogo wake akaapa vilevile, kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa yeye ni mdogo na wadogo hawakubali kupitwa. Ningefanya nini? Nilikuwa mke wa mtu. Nikakishika kiapo cha mume wangu kama changu, na mimi nikishika kitu nakishika. Nikikutana na Kidoti njiani niligeuza uso nikatazama dirisha la duka, hata mahali pasipo na duka. Naye akafanya hivyo hivyo, na miaka ikaenda.

Binti yake alipoolewa nilisikia vigelegele nikiwa chumbani. Tangu mtoto yule anatambaa nilikuwa nimemwahidi kwamba shela lake la harusi nitalidarizi mimi, na nilikuwa nimelidarizi, hadi uzi wa mwisho. Nilikaa kitandani na shela mapajani mpaka vigelegele vikanyamaza. Kisha nikalikunja nikalirudisha kabatini.

Basi hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo siku tulipokwenda kununua ruta. Kesho Kidoti anaondoka, mimi sina mguu wa kumfuata, na mume wangu hali chakula.

Dada wa dukani alitupokea vizuri. Akatuletea kwanza ruta ya kisasa, ina mikono imesimama pande zote kama buibui aliyelala chali. Nikamwambia hiyo si yetu. Kompyuta zetu ni za zamani, hazina cha kunasia mawimbi ya hewani, zinataka waya. Yangu siwezi kuibadilisha, kwa sababu mashine ya kudarizi haielewani na kompyuta nyingine yoyote. Ya mume wangu ina ramani zake za kazini, na ukimwambia abadilishe atakuuliza kama na yeye utambadilisha.

Yule dada hakutucheka. Alisema watu wengi hudanganywa wakanunua ruta ya kasi kubwa kwa ajili ya kompyuta kongwe, na kasi yenyewe kompyuta haiwezi kuimeza. Kinachotakiwa ni ruta ya waya iliyotulia, inayozungumza na kila tundu kwa mwendo wake, ili kizee kisiburuzwe na kijana asicheleweshwe. Akatutolea moja ndogo, yenye matundu mawili ya kompyuta, akasema inatutosha kabisa.

"Tunataka matundu matatu, au zaidi," mume wangu akasema.

Nikamkumbusha kwamba kompyuta ni mbili.

"Tatu," akasema.

"Ya tatu iko wapi, mzee?"

"Ya akiba."

Nyumbani kwetu hatuna hata balbu ya akiba. Nikamtazama, akatazama dari. Kisha akauliza swali ambalo sikulielewa: je, intaneti ikikatika, kompyuta zilizounganishwa kwenye ruta zitaendelea kuonana zenyewe kwa zenyewe? Dada akasema ni muda mrefu mteja hajamuuliza hilo, lakini ndiyo, zitaonana. Mume wangu akauliza tena. Akajibiwa tena. Akaichukua ile yenye matundu manne, akaikumbatia mpaka nyumbani, na njiani nikamsikia anapiga mluzi. Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa nimeuliza swali moja tu la maana: nitajuaje kama waya ni mzima? Dada akanijibu kwamba kila tundu lina kitaa chake, na kitaa hakiwaki mpaka upande wa pili wa waya kuwe na kompyuta iliyowashwa. Hilo likanikaa kichwani.

Tulipofika tukakuta umeme hakuna. Mume wangu akaamua kupeleka viatu vyake kwa fundi wakati tunasubiri, akaniachia amri moja.

"Usiguse mpaka nirudi, mama. Nyaya zile nazijua mwenyewe."

Hakuwa amefika kona umeme ukarudi. Mwalimu mkuu wa shule alikuwa ananisubiri na nembo zake, na mimi sijawahi kusubiri mtu aniunganishie waya. Mashine yangu ina nyuzi kumi na mbili, kila moja na njia yake, na sijapata kuzichanganya. Nikaingia kwenye chumba chake cha kazi, nikasogeza ramani zilizoviringishwa, nikavuta meza.

Chini yake palikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Nikaupata waya unaotoka kwa watu wa intaneti, nikauchomeka mahali pake. Nikaupata waya unaokwenda kwenye chumba changu cha kudarizi, nikauchomeka tundu la kwanza. Wa kompyuta yake, tundu la pili. Vitaa vikawaka, nikajisifu. Ndipo nikauona waya mwingine.

Ulikuwa wa kijivu, mzee, umepakwa rangi ya ukuta kwa bahati mbaya siku tulipopaka chumba. Ulitokea kwenye kitundu sakafuni, upande wa nje. Nikadhani ni mabaki ya simu ya kale. Nilikuwa na mkasi mfukoni, kama kawaida yangu, na nilikwisha kuuweka waya katikati ya makali yake nilipoona kichwa chake ni kipya, kimebadilishwa juzijuzi, kimebanwa vizuri kwa mkono wa mtu anayejali. Nani anabadilisha kichwa cha waya uliokufa? Nikauacha mkasi. Nikauchomeka tundu la tatu, kwa udadisi tu.

Kitaa kikawaka. Kikatulia kidogo, kisha kikaanza kupepesa.

Nilikaa sakafuni nikakitazama. Nilichomoa waya, kitaa kikazima. Nikachomeka, kikawaka tena. Upande wa pili wa waya ule palikuwa na kompyuta hai, na nyumba yangu naijua, sina kompyuta nyingine. Nikatoka nje. Waya ulikuwa umetokea ukutani nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo mume wangu hunikataza kufagia eti nitateleza, ukaingia kwenye bomba jembamba, na bomba likashuka likapita chini ya ukuta. Ukuta ule. Bomba lilikuwa limefukiwa kwa ustadi, limenyooka kama mstari wa ramani.

Nikarudi ndani mbio, nikawasha kompyuta ya mume wangu. Sikuwa na haja ya kutafuta kitu. Ilipoamka tu, ubao wa drafti ukajifungua wenyewe, kete zikiwa katikati ya mchezo, na chini yake maneno yakaanza kutokea mbele ya macho yangu, moja baada ya jingine.

"HATIMAYE. Nilidhani umekufa."

Kisha: "Zamu yako. Usijifanye umesahau, kingi wako yuko hatarini."

Kisha: "Ngoja nimfuate mwenye lori. Nikirudi tumalize, kesho sipo."

Nilisoma maneno yale, nikayasoma tena, mdomo wazi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Mkono wangu ukaenda kwenye kipanya, nikapandisha juu kidogo tu, nikaona magoti yanauma, dawa ya magoti, nani kashinda jana, nani kaiba kete. Sikuendelea. Hapakuwa na siri yoyote pale, na hilo ndilo lililonivunja. Walikuwa wanaongea habari za kawaida kabisa, kama ndugu.

Mume wangu akaingia na viatu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Akaniona mimi, akaona kioo, akakiona kitaa cha tatu. Akakaa kwenye kiti taratibu, kama anayekaa juu ya mayai.

"Ni drafti tu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka uleule wa ukuta."

Akaeleza yote. Hasira yao haikumaliza hata msimu. Walikutana sokoni, wakaoneana aibu, wakajikuta wanacheka. Lakini walikuwa wameapa mbele ya majirani, na mpima ardhi mzima hawezi kufuta mstari alioupiga mbele za watu. Wakakaa wakakitazama kile kiapo. Kiapo kilisema mguu hautakanyaga. Waya hauna mguu. Shemeji, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza redio, akatafuta kompyuta kuukuu na mchezo wa drafti. Mume wangu akachimba mtaro siku niliyokwenda kujifungua mtoto wa mwisho. Mimi niko hospitalini, wao wanafukia bomba.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Aliuviringisha ule mfuko wa viatu mikononi.

"Tuliwaona nyinyi wawili mmekasirika kweli," akasema. "Mkipishana njiani hamtazamani. Tukaogopa kuwaingilia."

Nilitaka kucheka, kikatoka kitu kama kikohozi. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nililima miaka yote ile, kwenye shamba lililokuwa limeshavunwa na wenyewe. Nikamwambia kwamba nilikasirika kwa ajili yake. Kwamba sikuwahi kuwa na neno na Kidoti, hata moja. Alinitazama kama mtu anayeambiwa kwamba nyumba anayoishi si yake, na nikaona kwamba kweli hakujua. Mpima ardhi huyu, anayeweza kukuambia ukuta umeingia kiasi gani kwa kuutazama tu, hakujua.

Hapo likanijia jingine. Siku ile ya harusi alikuwa juu ya tangi la maji mchana kutwa, anaziba tundu. Nilimpelekea hata maji ya kunywa, nikamwonea huruma kwa jua.

"Siku ya harusi ulikuwa juu ya tangi," nikasema.

Akainamisha kichwa. "Nilimwona bibi harusi. Alipendeza."

Yeye aliiona harusi. Mimi nilikaa chumbani na shela, kwa heshima yake. Sikumpigia kelele, na nadhani alitamani ningempigia. Nilikwenda kabatini, nikachukua shela, nikatoka kwa lango la mbele, mchana kweupe, majirani wote wakitazama.

Kidoti alifungua mwenyewe. Alikuwa amezeeka. Nilikuwa namwona kila siku kwa pembe ya jicho, na pembe ya jicho haioni mvi. Kile kidoti chake juu ya mdomo kilikuwa palepale.

"Pilipili," akasema. Hakuna mwingine duniani anayeniita hivyo. Kisha akatazama nyuma yangu, kwenye lango letu. "Mumeo ameruhusu?"

"Mume wangu hana la kuruhusu. Nionyeshe kompyuta ya shemeji."

Alidhani nimerukwa na akili, lakini alinipeleka. Nyumba ilikuwa tupu, maboksi yamefungwa kamba, na katika chumba cha mwisho meza moja tu imebaki, na juu yake kompyuta inawaka. Akaniambia mumewe amekataa katakata isifungwe mpaka lori lifike, eti haipendi vumbi. Nikamwonyesha waya wa kijivu unaoingia sakafuni. Nikamweleza yote, na nilipokuwa naeleza alitafuta boksi akalikalia bila kutazama limeandikwa nini. Lilikuwa la vyombo, likalia chini yake, asisikie.

"Nilidhani ana mwanamke," akasema mwishowe. "Kila jioni anajifungia humu. Nimewahi kunusa mashati yake."

"Bora angekuwa na mwanamke."

"Bora," akakubali.

Hatukucheka. Alikuwa ameweka mkono shavuni, ametulia kabisa, na machozi yanashuka yenyewe, kama mtu aliyefiwa na ndiyo kwanza anapewa habari. Nikamwekea shela mapajani kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Akalifunua. Akapitisha kidole juu ya maua, akafika kwenye pembe nilikoweka herufi ya binti yake, akasimama hapo.

"Alivaa la kuazima," akasema. "Tulimtafutia jingine, akakataa. Alisema lake liko kwa mama mkubwa."

Ni yeye aliyenishika mkono, na mkono wake bado ulikuwa mgumu kwenye kidole cha kati, pale sindano inapogonga.

Kompyuta ikatoa mlio mdogo. Tukageuka wote wawili. Chini ya ubao wa drafti, maneno yalikuwa yanaingia kutoka upande wa pili wa ukuta, kutoka kwa mume wangu, anayemwandikia ndugu yake ayakute akirudi:

"Wangu amejua. Usimwambie wako."

Kidoti alisoma kwa sauti, polepole. Kisha akasoma tena kimoyomoyo, midomo ikitikisika. Nimemfahamu mwanamke huyu tangu hatujavunja ungo, na sijawahi kuiona sura ile. Akasogea mezani, akatafuta herufi moja moja kwa kidole cha sindano, akaandika: "Tumesoma."

Akabonyeza. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu, kutoka kwetu, ng'ambo ya ukuta, tukasikia kiti kikianguka.

Akakaa tena juu ya vyombo vyake, na shela mapajani. Akaniuliza kama waya huu unaweza kuvutwa mpaka kule wanakohamia. Nikamwambia hauwezi, huu ni mfupi, unaishia hapa hapa ukutani. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei ya kitu ambacho hakukiagiza.

"Basi mumeo na ale peke yake leo," akasema. "Vuta boksi, ukae."